Meno ya mtoto yamepandana: tuanze kwa daktari wa meno au twende moja kwa moja kwa bingwa wa bresi, zile waya za kupanga meno?

MamaSwabra_Likoni
Salaam aleikum jamani. Binti yangu ana miaka tisa. Meno mawili ya mbele ya juu yametoka na mwanya mkubwa, ya chini yamepandana, na nyuma kuna gego lenye tundu jeusi, akila kitu kitamu analia. Babake ataka tuvuke twende kwa bingwa wa kupanga meno moja kwa moja, asema daktari wa meno wa kawaida atakula pesa zetu bure kisha atupeleke huko huko. Mamangu naye asema mwanya ni uzuri, tuuwache. Nyinyi mwaonaje?

Abuu_Kibokoni
Waaleikum salaam. Gego kwanza. Hakuna bingwa atakayefunga waya kwenye kinywa chenye jino bovu, atakurudisha uzibe, usafishwe, ndipo mzungumze. Kwa hivyo hiyo njia ya mkato ya shemeji si ya mkato.

Zuhra_wa_Nyali
Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno, si daktari, lakini haya nayaona kila siku.

Dada, hebu angalia hilo gego ni lipi. Mtoto akifika kama miaka sita humtoka gego la ukubwani nyuma ya meno yote ya utotoni. Halisukumi jino lolote litoke, linajitokea tu kimyakimya, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni, "litang'oka lenyewe". Haling'oki. Hilo ni la maisha, na likiharibika ni la kuzibwa haraka.

Na hata likiwa la utotoni, usikubali ling'olewe hivi hivi. Magego ya utotoni ndiyo yanayoshika nafasi hadi wenzao watoke, kwenye miaka kumi hadi kumi na mbili. Ukiling'oa mapema, la nyuma lasogea mbele, nafasi yajifunga, na hapo ndipo kupandana kunapozidi. Likilazimika kutolewa, muulize daktari kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi. Kazi hii yote ni ya daktari wa meno wa kawaida.

Mwanya nao, mamako hajakosea sana. Umri huu ni kawaida, na mara nyingi hupungua au kujifunga chonge za juu zikishuka, miaka kumi na moja au kumi na mbili hivi. Mengine hayangoji: meno ya chini kukaa mbele ya ya juu, taya kwenda upande akiuma, au bado ananyonya kidole. Ukiona hayo, muone bingwa. Chama cha mabingwa hao Marekani hushauri mtoto akaguliwe kabla hajapita miaka 7. Kukaguliwa tu, si kufungwa bresi.

Changamwe_Boy
Mimi nakataa kidogo. Nimefungwa bresi nikiwa mtu mzima. Meno yangu yalikuwa mazima, nimetoka kusafishwa juzi tu, bado nikaanza kwa daktari wa kawaida: akatazama, akaandika barua, nikalipa. Kwa bingwa nikalipa tena. Kama huna tundu wala ufizi hautoki damu, nenda kwa bingwa, hakuna sheria inayokukataza.

Halafu mjue safari yenyewe. Wengi hukaa nazo mwaka mmoja na nusu hadi miwili, zikitoka wavaa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yalipopangwa, usipoivaa meno yarudi yalikotoka. Na bima nyingi zitaziba na kung'oa, lakini bresi zaiita urembo, soma kadi yako vizuri. Kashata, miwa na mahindi ya kuchoma pale ufukweni Mama Ngina sahau. Hayo ya mahindi ndiyo yaliyoniuma zaidi ya waya.

Abuu_Kibokoni
@Changamwe_Boy wewe mkubwa, huyu mtoto ana tundu. Si kesi moja.

Bi_Rukia
Naongeza moja. Bingwa husomea udaktari wa meno kwanza, kisha miaka mingine ya kupanga meno na taya peke yake. Wapo madaktari wa kawaida wanaofunga bresi kesi nyepesi, sawa, lakini uliza amesomea wapi. Jina lolote waweza kulitafuta kwenye tovuti ya KMPDC, baraza la Kenya linalosajili madaktari na madaktari wa meno, ukaona kama leseni yake iko hai. Na zile bresi za rangi zinazouzwa mitandaoni, mtu ajifunge mwenyewe, hata usizikaribie.

MamaSwabra_Likoni
Nimemulika kwa tochi ya simu. Lenye tundu ndilo la mwisho kabisa, nyuma yake hamna kitu, kumbe ni lile la ukubwani. Babake nimemsomea alivyoandika Zuhra, amenyamaza. Jumatatu twaenda kuziba. Eksirei nayo nimwombe huko huko ama ningoje ya bingwa?

Zuhra_wa_Nyali
Mwache daktari aamue kama yahitajika. Akipiga, omba nakala kwenye simu. Mkifika kwa bingwa, huenda ikatosha kwa kuanzia.