Saanane na mama mwenye magoti mabovu, inawezekana?

BintiNyegezi: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Jumamosi nataka nimtoe mama, kaja kutoka Kondoa anashinda ndani na tamthilia tu, nikawaza Saanane, ile hifadhi ya kisiwani Ziwa Victoria, maana ni hapa hapa mjini Mwanza na nasikia mzunguko wake mfupi. Shida magoti yanamsumbua, halafu nina kadogo ka miaka minne hakatulii. Ile njia ya porini ikoje, ni kuparamia mawe mwanzo mwisho au kuna tambarare? Chakula tubebe?

mzee_wa_sato: Nendeni tu dada, hifadhi yote ni kilomita za mraba 2.18 na hapo umehesabu na maji. Boti mnapanda Capri Point, hujakaa vizuri mmeshafika. Kule hakuna gari, ni mguu. Ila wahini asubuhi ziwa likiwa limetulia, mchana upepo ukianza boti inarukaruka mama atakusema mpaka Kondoa.

Kipara_77: Mzee hapo kwenye "nendeni tu" sikubaliani. Tambarare ipo, ile ya chini karibu na maji, kuna vivuli na swala wanajilia majani hawana habari na mtu. Ukishaanza kupanda juu ni miamba mitupu, kupanda siyo ishu, kushuka ndo magoti yanalia, na ikinyesha panateleza vibaya. Mama abaki chini kwenye kivuli, wewe panda ukaone mji, na raba uvae, siyo sendo

mwl_mstaafu: Mwanangu, kabla hamjaondoka mweleze mama kwamba jina ni la Mzee Saanane Chawandi, ndiye alikuwa mwenyeji wa kisiwa kile. Mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Huyo mdogo mwonyesheni pimbi, asubuhi wanaota jua juu ya mawe, ukiona mwamba una michirizi myeupe ujue ni choo chao. Ukimwambia ndugu yake wa karibu ni tembo atabisha, na mama naye atabisha.

BintiNyegezi: Hahaa mwalimu, mama kashaanza kubisha hapa. Na wale mijusi wa kichwa chekundu nyuma bluu wapo?

Kipara_77: Wamejaa, yule mwekundu ndo dume, jike limepauka tu. Chakula beba ila kwenye begi lenye zipu, tumbili wa pale wanamjua mtoto mwenye ndizi kutoka mbali. Na dogo asisogee majini, mamba wapo

mzee_wa_sato: Nakubali kwa magoti Kipara yuko sahihi. Malipo ya kiingilio ni kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) au kadi, weka salio mapema, na vitambulisho vyenu vya NIDA mbebe mlipe bei ya mwananchi.