Mtoto wa sungura anaharisha, naomba ushauri wakuu

Habari wakuu, niko Uyole Mbeya, nina katoto ka sungura kana kama wiki tano hivi, kanaharisha maji maji, tumbo limejaa gesi na majani hakagusi kabisa, wenzake wako fresh tu. Nimekatenga kwenye boksi la nyasi kavu na chupa ya maji ya moto nimeizungushia kitambaa, maana baridi ya huku mnaijua wenyewe. Jamaa wa duka la dawa za mifugo kasema ni koksidia (vijidudu vya utumbo) nikape dawa ya amprolium kwenye maji, ila dozi aliyonitajia ni ya kuku, sasa kwa kadude haka inakuwaje? Jirani anang'ang'ania maziwa ya ng'ombe, hapo nimegoma. Aliyewahi kutibu hii kitu anielekeze, na hao wengine niwape dawa au nisubiri kwanza?