Mjadala: Je, kumtaja aliyeufua upanga wa ajabu kunaua uchawi wake?

Wakuu, wapenzi wa gemu za njozi wakikutana, hoja hii haikosi: kifaa cha kichawi kiachwe na siri yake, kwani siku utakapojua kimetengenezwa na nani, utamu umekwisha. Na mfano unaotolewa karibu kila mara ni Frostmourne, upanga wa kichawi wa gemu za Warcraft. Mfano huo naukubali, hoja yenyewe naikataa.

Katika Warcraft III ya mwaka 2002, mwana wa mfalme aitwaye Arthas anaukuta upanga huo katika baridi ya Northrend, bara la barafu, pamoja na maandishi yanayoonya kuwa nguvu yake itaijeruhi roho kama makali yake yanavyochana mwili. Muradin, rafiki yake, anayasoma na kumsihi auache. Hasikii. Baadaye anamuua nao baba yake mzazi, Mfalme Terenas. Tulichohitaji kujua kilikuwa kidogo tu: Lich King, mtawala wa wafu, ametega mtego, na mwana wa mfalme aliyekuwa tayari kutoa chochote ameingia kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 2020 likaja toleo la Shadowlands la World of Warcraft, gemu iliyoendeleza kisa hicho, na habari mpya: upanga huo uliundwa na Runecarver, fundi aliyekuwa mateka wa Jailer, mtawala wa kuzimu. Kumbe nyuma ya Lich King kulikuwa na bwana mkubwa zaidi! Wengi walichukia, nami nilikuwa miongoni mwao.

Ila tuangalie ni nini hasa kilichoharibika. Fundi kutajwa si kosa. Kosa ni kwamba aliletwa miaka 18 baadaye, akapachikwa juu ya adui tuliyekwisha kumjua, na kuwepo kwake hakumwongezei Arthas chochote. Kunampunguzia. Uamuzi wake wa kuuchukua upanga, ambao ndio roho ya kisa kizima, unageuka hatua ndogo katika mpango wa mtu ambaye hadithi ya mwanzo haikumjua.

Sasa nendeni Morrowind, gemu ya mwaka huohuo wa 2002. Kuna zana tatu: Sunder ni nyundo, Keening ni kisu, Wraithguard ni glavu. Mtengenezaji anajulikana, Kagrenac wa taifa la Dwemer. Kusudi lake linajulikana pia: kuichezea nguvu ya Moyo wa Lorkhan, moyo wa mungu aliyeuawa. Hata masharti yake yako wazi, maana ukishika Keening bila kuvaa Wraithguard utaumia vibaya mpaka ufe. Hakuna kilichofichwa kuhusu asili ya zana hizi. Na bado sijaona gemu yenye fumbo zito kama hilo.

Kwa nini? Kwa sababu taifa zima la Dwemer lilitoweka, na kila anayesimulia jinsi ilivyokuwa ana lake. Vivec, mmoja wa miungu hai watatu wa nchi hiyo, anasema hivi, Waashlander, watu wa kuhamahama, wanasema vile, na maandishi yaliyopigwa marufuku na Hekalu linaloiabudu miungu hiyo yanasema mengine. Vivec na wenzake wawili walipata uungu wao kwa zana hizohizo, kwa hiyo ushahidi wao lazima uutilie shaka. Halafu wewe mchezaji unakabidhiwa zana, unaambiwa uende ukaupige Moyo, na mpaka unainua nyundo bado hujui ni nani aliyekuambia kweli kuhusu kifo cha Nerevar, kiongozi wa kale aliyepigana na Dwemer.

Msimamo wangu ndio huo: asili itajwe, lakini itajwe na watu wa ulimwengu ule, wenye maslahi yao na uongo wao, na iwe imepandwa tangu mwanzo. Ashbringer, upanga mwingine wa Warcraft, ilifuliwa na Magni Bronzebeard, mfalme wa Ironforge, na hiyo haikuipunguzia heshima.

Mnaotetea ukimya mtaniambia Triforce, kifaa kitakatifu cha gemu za Zelda, ni kubwa kwa sababu ni ya miungu. Lakini tangu gemu ya Ocarina of Time, 1998, tumeambiwa wazi kwamba iliachwa na miungu wa kike watatu, Din, Nayru na Farore, na kwamba ikiguswa na mtu ambaye moyo wake hauna ulinganifu inagawanyika vipande vitatu. Waliotengeneza tunawajua, sharti tunalijua. Nitajieni siri iliyopotea hapo.