Ripo kuu ya mradi wetu huria tuiweke wapi?

mlinzi_wa_tawi:
Wakuu, tuna programu huria ya hesabu za SACCO. Wachangiaji ni tisa, wako Kampala, Gulu na Mbarara. Ripo (hazina ya kodi, yaani maandishi ya programu, pamoja na historia yake) imefika MB 380. Wengine wanataka tovuti ya GitHub, wengine ya Codeberg, na mmoja anashikilia tusakinishe Forgejo, programu ya kuendesha tovuti kama hizo, kwenye seva yetu hapa Kampala. Tushike ipi?

nyaya_na_seva:
Seva yenu iwe ya nakala tu. Forgejo ni nyepesi, si tatizo. Tatizo ni nani ataamka usiku diski ikijaa, nani ataweka viraka vya usalama, nani atafuta akaunti za spamu. Kama hamjamtaja mtu huyo, bado hamna seva.

Mimi ningeweka GitHub: mgeni anayetaka kuchangia huwa tayari ana akaunti huko. Ila inakataa faili lolote linalozidi MB 100, hata mlilolifuta zamani likabaki kwenye historia. Na ni mali ya Microsoft tangu 2018. Mwaka 2019 ilibana akaunti za watu wa Iran, Syria na Crimea kwa vikwazo vya Marekani. Kwa hiyo msikae bila nakala. Codeberg ni ya shirika lisilo la faida la Berlin, inafaa sana kwa nakala hiyo.

kiraka:
Naongezea kuhusu nakala. Kodi huhama kwa amri mbili za git, programu inayotunza historia ya kodi:

`git clone --mirror <anwani ya zamani>`
`git push --mirror <anwani mpya>`

Angalieni sana hiyo ya pili: hufuta kule kila tawi (mstari wa kazi, branch) lisilokuwepo kwako. Mtu akisukuma kazi yake kwenye nakala, itapotea. Wote wasukume ripo kuu tu.

Hoja (issues, yaani taarifa za kasoro na mapendekezo) na maombi ya kuunganisha (pull requests) hayamo ndani ya git. Forgejo huyavuta kutoka GitHub ukiipa tokeni (ufunguo wa ruhusa), lakini ukitia tiki kwenye chaguo la kioo (mirror), inaleta kodi bila hoja.

mlinzi_wa_tawi:
Na intaneti ikizimwa, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi Uganda?

kiraka:
Hapo hata seva ya Kampala haifikiki kutoka Gulu. Tumieni flashi:

`git bundle create sacco.bundle --all`

Anayepokea anaandika `git clone sacco.bundle`, au `git fetch sacco.bundle` kama ripo anayo tayari. Wanaokloni (wanaonakili ripo) kwa `--depth 1` kuokoa data hawana historia, faili la bundle wanalotengeneza halitoshi kurudisha mradi. Watu wawili, miji miwili, wawe na kloni kamili na waivute kila Ijumaa.