Eti "tushukuru" Dharmendra kupakwa masizi? Huyu jamaa katuzoea sasa!

Kanda_Mbovu (mleta mada):
Wakuu, yule mchambuzi wa muvi za Kihindi simtaji, hata mbuzi wa mtaani wanamjua. Asubuhi hii katoa mpya: filamu za zamani zilimpa nafasi mtu wa kila dini na kila rangi, na sisi weusi TUSHUKURU kwa Razia Sultan ya 1983.

Tushukuru!

Humo Yakut ni Mhabeshi, mkuu wa mazizi ya farasi ya Razia, malkia aliyetawala Delhi 1236 hadi 1240. Mwongozaji Kamal Amrohi akampa nani nafasi hiyo? Dharmendra, nyota Mpunjabi, akapakwa mpaka akafanana na sufuria ya msibani. Na tushukuru.

Kinachoniua ni hiki. Kwenye nyimbo za Yakut hawakutaka sauti ya kawaida. Wakamchukua Kabban Mirza, mtangazaji wa redio, kwa lile besi lake zito. Sauti wameitafuta kwa tochi, sura wakachovya brashi! Na Masidi, wenye asili ya Afrika, wapo Gujarat na Karnataka karne na karne. Ngome yao ya Janjira iko pwani, kusini mwa Mumbai hapohapo. TUSHUKURU??

Mzee_wa_Intavo:
Povu la nini mkuu? Wasambazaji walikuwa wananunua filamu eneo kwa eneo kabla haijaisha, wakiangalia jina la nyota. Weka Sidi asiyejulikana uone nani atatoa advansi.

Kanda_Mbovu:
Kwa hiyo tushukuru?

Bi_Tarabu:
Na hiyo ni ya juzi. Intaqam, 1969: Helen anacheza, ndani ya kizimba kuna mwanamume kapakwa rangi, anahangaika na nondo kama mnyama, Lata anaimba zake kwa raha. Mr. India, 1987, wimbo wa Hawa Hawaii: wachezaji wa nyuma ya Sridevi nao wamepakwa. Ukitaka kuijua rangi ya kopo achana na shavu, angalia nyuma ya sikio na ukingo wa nywele. Taa za studio zinaleta jasho, na hapo ndipo inapoanza kukatika.

Goa_Kwetu:
Nyie angalau mlipewa mkuu wa mazizi. Mkristo ni chupa tu! Bobby, 1973: baba wa huyo binti Bobby, Braganza, ni mvuvi wa Goa, mlevi. Amar Akbar Anthony, 1977: Anthony anauza gongo.

Mzee_wa_Intavo:
Muislamu naye kazi yake ni kufiwa. Imamu wa Sholay kipofu, mwanawe Ahmed anauawa, halafu mzee huyohuyo ndiye anawatia moyo wanakijiji.

Dokta_Feki:
Mmeitaja Amar Akbar Anthony, sasa nisikilizeni. Mirija mitatu inatoka kwenye mikono ya ndugu watatu, damu INAPANDA hadi kwenye chupa moja, ndipo inashuka kwa mama yao, Nirupa Roy. Inapandaje bila pampu? Mtoaji analala juu ya chupa, sio chini yake!

Bi_Tarabu:
Na wote watatu ni watoto wa Kihindu waliopotezana tu, Uislamu na Ukristo waliukuta kwa walezi. Mchanganyiko gani huo?

Dokta_Feki:
Mimi nazungumzia mirija.

Remoti_Imekufa:
Bora mirija. Ma-DJ wa kutafsiri je? Wimbo wa Aye Dil-e-Nadaan, muziki wa Khayyam, humohumo kwenye Razia, una ukimya katikati, ndio utamu wenyewe. DJ anaujaza: "Hapa demu anawaza sana!"

Goa_Kwetu:
Huyo ana nafuu. Wangu anakata nyimbo zote ili muvi iingie diski moja.

Kanda_Mbovu:
Jamani, mada ni TUSHUKURU.

Remoti_Imekufa:
Tulia mleta mada. Nani ana Razia ambayo haijakatwa?

Mzee_wa_Intavo:
Ninayo, ila maandishi ya chini ni Kiarabu. Njoo PM.

Dokta_Feki:
Na mimi.