Kiungulia cha usiku kinanimaliza: naomba ushauri wa vyakula na mitishamba

Fundi Uzi Mweusi
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, miaka 38, niko Tabata. Pombe sinywi, sigara sivuti. Kiungulia nimekuwa nacho cha kuja na kuondoka tangu ujana, ila huu mwezi wa pili sasa kimehamia moja kwa moja.

Kinaanzia kwenye chembe ya moyo, kinapanda kama mtu kanimwagia maji ya betri, kikifika kooni nacheua maji machachu mpaka meno yanakufa ganzi. Mchana nikiinamia mashine ndiyo nakiita. Usiku ni balaa zaidi. Juzi saa 8 nimeamka nakohoa, nimekaa kitako kitandani, mama watoto akadhani nimepaliwa.

Ratiba yangu: kazi za watu zikibana nafunga saa 4 usiku, napitia chipsi mayai, namwagia tomato na pilipili ya kutosha, nafika nyumbani, naoga, nalala. Mchana ugali maharage kwa mama ntilie, nikinawa tu narudi kwenye cherehani.

Nilivyojaribu: maziwa kikombe kimoja kabla ya kulala (napata nafuu kama saa moja, kisha kinarudi na hasira), maji ya moto na limau asubuhi tumbo likiwa tupu, na chai ya mnanaa kila usiku. Huo mnanaa nimeuotesha mwenyewe kwenye kopo nje ya fremu, maana kila mtu anasema ni dawa ya tumbo. Vidonge vya kutafuna vya duka la dawa vinatuliza, ila nimechoka kutembea navyo mfukoni kama pipi.

Naomba wenye kujua vyakula na mitishamba ya kweli. Hospitali sitaki kuanza nayo. Nawasilisha.

Kiti cha Mbele
Mkuu hiyo ni mimba. Mke wangu alikuwa hivyohivyo mwezi wa saba, mtoto katoka na nywele kama kavaa wigi.

Nguo ya Idi
Kama wewe ndiye fundi wa Tabata niliyempa kitenge changu tangu kabla ya Idi, usihangaike na dawa. Hiyo ni laana yangu inafanya kazi.

Bi Shamari
Pole mwanangu. Niko Tanga huku, kiungulia nimezeeka nacho. Tafuta shamari kwa wauza viungo, zile mbegu za kijani zinazofanana na bizari nyembamba ila zimenenepa kidogo na zina utamu. Kijiko kimoja cha chai, ziponde kidogo tu zitoe harufu, mimina kikombe cha maji ya moto, funika na kisahani dakika kumi. Kunywa ikiwa vuguvugu baada ya kula, na sukari usitie. Ukiwa kazini zitafune hivyohivyo kavu, kama Wahindi wanavyofanya wakimaliza kula.

Tangawizi nayo ni nzuri, inasukuma chakula kishuke. Lakini nyie vijana mnatwanga mzizi mzima kwenye sufuria moja ya chai halafu mnashangaa kifua kinawaka. Kipande cha ncha ya kidole kinatosha.

Chakula cha usiku kiwe chepesi: ndizi mbivu, papai, kiazi kitamu cha kuchemsha, uji wa ulezi usiotiwa ndimu. Ndizi ijaribu kwanza, maana mdogo wangu zinamchafua. Mchicha upike kwa tui jepesi bila nyanya. Najua utaniambia mchicha bila nyanya si mboga. Kula hivyohivyo.

Jiwe la Magadi
Mnazunguka sana. Magadi kidogo kwenye glasi ya maji, koroga, piga yote. Dakika mbili unacheua, habari imekwisha. Babu yangu katumia hiyo maisha yake yote.

Nesi wa Zamu
Nimetoka zamu, acha niseme kidogo.

Fundi, wewe nitakueleza kwa lugha yako. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaobana kama mpira wa kiunoni mwa suruali. Ukilegea, asidi inapanda. Mnanaa unalegeza msuli. Ndiyo maana unasaidia gesi na tumbo la kusokota, na ndiyo maana kwa mwenye kiungulia unageuka adui. Kwa hiyo kila usiku unakunywa kitu kinachofungua mlango, halafu unalala chali. Mpe jirani hilo kopo.

Mafuta ya chipsi yanafanya kazi hiyohiyo na yanachelewesha tumbo kumaliza chakula. Nyanya, limau na pilipili zinachokoza mahali ambapo tayari pamechubuka. Maziwa umeyaeleza vizuri mwenyewe: yanapoza kwa muda, kisha protini na kalisi yake vinaliambia tumbo litoe asidi nyingine.

Jiwe la Magadi, kucheua huko ni gesi inayotokea baikaboneti iliyomo kwenye magadi ikikutana na asidi. Inatuliza kweli, sikatai. Ila nusu kijiko cha chai cha baikaboneti kina kama miligramu 600 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku nzima, chumvi ya mboga ikiwemo. Mwenye presha, mwenye figo na mjamzito wakae mbali nayo. Na magadi ya mawe ya kulainishia maharage ni makali kuliko baikaboneti ya unga, hujui umekunywa kiasi gani.

Kiti cha Mbele, hilo la nywele usilicheke sana. Watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani waliwafuatilia wajawazito 64, majibu yakatoka mwaka 2006, na waliokuwa na kiungulia cha wastani au kikali wengi wao walizaa watoto wenye nywele za wastani au zaidi. Homoni za mimba zinalegeza huo msuli, na walihisi ndizo zinazochangia nywele. Ni watu wachache mno wa kufanya kuwa kanuni, lakini mabibi zetu waliosema kiungulia cha mimba ni nywele za mtoto hawakuwa wanaropoka tu.

Swali kwako Fundi: kuna dawa yoyote ya maumivu unatumia?

Fundi Uzi Mweusi
Nesi umenichoma. Mnanaa nilikuwa naumwagilia kuliko mtoto.

Dawa ya maumivu ndiyo, diklofenaki. Mgongo unauma kwa kukaa. Kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku nyingine nakimeza bila kula. Ina uhusiano?

Nesi wa Zamu
Ina uhusiano mkubwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Unaweza kuwa na kiungulia na vidonda vya tumbo kwa pamoja, na huku mtaani watu wanavichanganya. Hilo la hospitali sasa halikwepeki. Uliza kipimo cha bakteria aina ya pylori, yule anayeleta vidonda vya tumbo, kinafanyika kwa choo. Nenda kabla hujaanza kumeza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) za kujinunulia, maana zinaweza kumficha bakteria kipimo kikasoma hayupo.

Mizizi Oyee
Hapo ndipo mnapoharibu uzi. Mtu kaomba mitishamba, mnampeleka hospitali. Fundi, kata jani la mshubiri, kamua, kunywa. Au siki ya tufaha vijiko viwili.

Bi Shamari
We Mizizi, mshubiri unakamuliwa hovyo hivyo? Ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni haluli, utamkesha chooni. Jani linasimamishwa kwanza lichuruzike, linamenywa, linaoshwa, kinachotumika ni ute mweupe wa ndani peke yake. Na mjamzito asiuguse kabisa. Siki mimi sijamwona aliyepona nayo, nimewaona waliochubuka koo.

Kahawa Chungu
Mimi chai ikiwa ya moto sana naona kama inaunguza ile asidi inashuka. Ni mimi tu?

Nesi wa Zamu
Punguza hiyo tabia. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa waliviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Na ugonjwa huo uko mwingi ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania hadi Malawi. Mtu akiona tonge linakwama, anapungua bila sababu, anatapika damu au choo kinatoka cheusi kama lami, asijibu uzi, aende. Maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya na jasho linatoka, huo unaweza kuwa moyo, usikae unatafuta shamari.

Kwa Fundi, kabla ya dawa yoyote: weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito haisaidii, inakukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Chakula cha mwisho kiwe masaa matatu kabla ya kulala. Na ukishakula mchana usiiname, fanya kazi za kusimama.

Fundi Uzi Mweusi
MREJESHO, wiki ya nne leo.

Nilienda. Pylori hayupo. Daktari kanitoa kwenye diklofenaki, kanipa omeprazoli ya wiki kadhaa, nameza nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Kwa hiyo siwezi kudanganya kwamba ni shamari peke yake. Ila nilivyobadilisha ni hivi: chakula cha usiku kinaletwa ofisini saa 12 na nusu, viazi au wali na samaki wa kuchoma. Mchana baada ya ugali nasimama kukata vitambaa na kupiga pasi, kushona kunaanza saa 9. Mwenzangu wa fremu ya pili anasema nimekuwa bosi siku hizi, sikai.

Matofali yalileta kesi. Usiku wa kwanza mama watoto kateleza mpaka miguuni, asubuhi akaniuliza kama tunalala au tunashuka mlima. Tumeshazoea.

Shamari nazitafuna nikiwa kwenye mashine, ziko kwenye kikopo cha vifungo. Juzi nusura nitafune kifungo. Chai ya rangi imenishinda kuacha kabisa, nimebaki na kikombe kimoja, naisubiri ipoe. Siku niliyorudia chipsi na tomato kiliniamsha saa 7 kamili, kwa hiyo nimeelewana nacho.

Bi Shamari shikamoo na asante. Nesi ubarikiwe. Nguo ya Idi, kama ni kile kitenge cha bluu chenye samaki, kimekwisha, pitia.

Nguo ya Idi
Ni hicho. Utakiachia kiunoni lakini, vile vipimo ni vya mwezi wa tatu.