Ulimi umekuwa mweusi baada ya kuanza dawa za vidonda vya tumbo, hii bismuthi ni kitu gani?

bintimkwezi: Wakuu habari za usiku. Wiki iliyopita nimepimwa choo nikakutwa na H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo), nikapewa dawa za siku 14 aina nne, moja imeandikwa bismuthi. Leo siku ya tatu napiga mswaki naona ulimi mweusi tii kama nimelamba mkaa, nimesugua mpaka unauma na hautoki, choo nacho cheusi. Kuingia gugo nakuta eti ni metali, kwenye jedwali la elementi imekaa pembeni ya risasi kabisa, na wengine wanasema ina mionzi. Jamani niache dozi au niendelee?

dawa_dirishani: Pole sana ndugu yangu, usiache dozi. Mimi nauza dawa na hili swali naulizwa kila mara. Kwenye mate na utumboni kuna salfa kidogo inayotokana na bakteria, ikikutana na bismuthi zinaungana inakuwa bismuthi salfaidi, ambayo ni nyeusi. Ukimaliza dozi ulimi unasafika wenyewe ndani ya siku chache, usijiumize na mswaki. Ila hapa soma taratibu: choo cha bismuthi ni cheusi tu, kikianza kunata kama lami, kinanuka vibaya mno na unasikia kizunguzungu, hiyo inaweza kuwa damu ya kidonda, nenda hospitali usiku huohuo. Na ipo bismuthi yenye salisilati, ndugu yake aspirini, hiyo usimpe mtoto hasa mwenye mafua au tetekuwanga.

bintimkwezi: Asante sana, angalau nimepumua. Lakini risasi tunaambiwa inaharibu watoto ubongo, sasa huyu jirani yake anakuwaje dawa?

ticha_kemia: Risasi ni namba 82, bismuthi 83, na juu yake kwenye safu hiyohiyo wapo antimoni na aseniki. Yaani imezungukwa na sumu, ila chumvi zake karibu haziyeyuki kwenye maji, na hilo ndo linaloiokoa. Ikifika tumboni asidi inaigeuza sehemu kubwa kuwa bismuthi oksikloridi, unga mweupe (huohuo unatiwa kwenye vipodozi vya kung'aa), inafunika kidonda, inambana bakteria palepale alipo halafu inatoka na choo, inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Lakini kidogo sio sifuri, miaka ya 1970 Ufaransa watu walioinywa kwa wingi muda mrefu walipata matatizo ya ubongo, kwa hiyo siku 14 ziwe 14, usijiongezee. Mionzi ni kweli ipo, iligunduliwa 2003, ila nusu ya atomi zake kuoza inachukua miaka bilioni 20 mara bilioni, na ulimwengu wote una kama bilioni 14 tu. Lala usingizi.

fundi_bodi: Mi fundi simu, kumbe hii kitu watu wanameza! Ile peste ya 138 tunayochomelea chipu ni bati asilimia 42 na bismuthi asilimia 58, inayeyuka nyuzi 138 wakati waya wa risasi wa kawaida unataka 183, inasaidia sana pale pembeni kuna vitu visivyotaka moto. Ubaya wake ni kavu, simu ikidondoka jointi inakatika kama biskuti, so mteja ninayemjua anaangusha angusha simu simuwekei. Kuna siku niliyeyusha kipande cha bismuthi tupu kwenye kikopo, kilivyoanza kuganda nikamwaga ile iliyobaki maji, ndani nikakuta vingazi vya pembe mraba vina rangi ya dhahabu, zambarau, bluu, nikakaa navyo kwenye kiganja hata kazi nikasahau. Ticha rangi inatoka wapi?

ticha_kemia: Metali yenyewe ni nyeupe yenye uwekundu kwa mbali, ikipata hewa ikiwa bado ya moto inajivika oksidi nyembamba sana, mwanga unaorudi kutoka juu ya oksidi unakutana na unaorudi kutoka chini yake, ndo rangi zinaachana, sawa na petroli ikielea kwenye dimbwi la barabarani. Panapobadilika unene na rangi inabadilika. Alafu fundi, bismuthi ikiganda inatanuka kama maji yanavyofanya kwenye friza, usiigandishie kwenye chupa ya glasi, itapasuka mkononi.

bintimkwezi: Mwanangu wa darasa la sita kasoma yote haya, sasa anataka hivyo vingazi. Fundi uko mji gani?